Gari Lisilozimwa la Kungwi Wangu

Nilichezwa unyago. Naiandika sentensi hii na kuitazama, maana kwa zaidi ya nusu ya maisha yangu nimeikana. Chuoni Maputo, wenzangu wa bweni waliponiuliza kama ni kweli sisi wa kaskazini tunafungiwa ndani na kufundwa na vikongwe, nilicheka nikasema hayo ni mambo ya bibi zetu. Baadaye, nilipoanza kualikwa kwenye semina kuzungumzia wanawake wa pwani, nilisema “wao.” Wao huwekwa ndani, wao hufundwa, wao hubebwa. Nilitamka “wao” huku nikinywa maji ya chupa, na hakuna aliyenishuku.

Ukweli ni kwamba niliwekwa ndani kijijini kwetu, ng’ambo ya ghuba ya Tungue, mahali ambapo sasa ni ndani ya uzio wa kampuni ya gesi. Nilipakwa msiro usoni, ule ujiuji mweupe wa mti, nikakatazwa kusema na mtu yeyote isipokuwa kungwi. Siku ya kutolewa nilibebwa mabegani na wanawake, kutoka mlangoni mpaka uwanjani, ili mguu wa mwali usikanyage chini. Na hapa ndipo penye aibu halisi ya msomi: safari ile fupi ya mabegani ndiyo saa nzuri kuliko zote nilizowahi kuishi. Shahada haikuikaribia. Ndoa nisiitaje.

Kungwi aliyenifunda ndiye ninayemwandika. Jina lake silitaji, na yeye mwenyewe alikuwa akisema jina la kungwi hutamkwa na mumewe na malaika wa kifo tu, na mume alikwisha kutangulia. Namwandika kwa sababu ya binti wa mdogo wangu. Zamu ya binti huyo ya kutolewa ilitugombanisha, mimi na kungwi, kuliko ugomvi wowote wa miaka yote tuliyojuana. Mimi nilitaka binti abebwe mabegani. Kungwi alitaka apande gari.

Nianze na pua yake, maana ndiyo iliyomtawala. Alikuwa akinusa chungu cha wali kabla ya kumwamkia mwenye nyumba. Alinusa watu. Sisi wali wake alitunusa shingoni kila asubuhi, na aliyebainika ana harufu ya moshi wa jikoni alirudishwa kuoga, hata kama maji yalikuwa yamebaki ya kunywa. “Mwanamke hanuki moshi ila wa udi,” alisema. Watu wa bara aliwaita wanuka kuni. Wavuvi aliwapokea wakiwa wamesimama upande upepo unakoelekea. Siku moja mtaalamu fulani wa kigeni alikuja kijijini, enzi zile meli za kuchimba zilipoanza kuonekana baharini na kila wiki tukitembelewa na mtu mwenye kofia ngumu. Akamshika kungwi mkono kwa furaha nyingi. Kungwi alinawa kwa ndimu mbele yake, pole pole, kidole kimoja kimoja, kisha akaendelea na mazungumzo.

Kwa hiyo nilipokuja likizo kutoka Pemba, ile ya Msumbiji ninakofanya kazi, nikamkuta mwanamke huyu ananunua pikapu kubwa ya milango minne, ya dizeli, iliyochoka, inayotoa moshi kama tanuri la chokaa, nilidhani ni gari la mkwewe. Mkwewe alikuwa mfanyabiashara wa kuvuka Ruvuma, mtu wa Mtwara kwa asili, aliyemuoa binti yake wa mwisho. Yeye ndiye aliyelivusha gari kwenye pantoni. Lakini mwenye gari alikuwa kungwi. Fidia ya minazi yake kutoka kwa kampuni ilikuwa imetoka, wengine walinunua mabati, wengine pikipiki, wengine wake wa pili. Yeye alinunua miguu. Ndivyo alivyoniambia. Nilipomuuliza kwa nini hakutafuta kigari kidogo, chenye kula mafuta kidogo, alinikumbusha kwamba wakati wa vita vya Mreno alitembea mpaka Mtwara na mtoto mgongoni na mwingine tumboni, kisha akatembea kurudi.

“Nimetembea ya kwangu, na ya binti zangu, na ya kwako wewe dotora,” alisema. “Miguu yangu imestaafu. Na mstaafu hapandi mkebe.”

Dotora ndilo jina alilonipa tangu nilipohitimu. Alilitamka kama mtu anayetema kokwa.

Lazima niseme wazi kwamba gari lile lilinichukiza. Sisemi lilinisikitisha, ambalo ndilo neno tunalotumia kwenye ripoti. Ndani alikuwa amefunga vioo vyote, amewasha kiyoyozi, na juu ya hayo ameweka chetezo cha udi sakafuni, makaa yanawaka, ndani ya gari. Pale pa kuwekea chupa palikuwa na kopo la maziwa, alimotemea tambuu, na kopo lile lilijaa, likatikisika, na mara moja lilinimwagikia kwenye sketi ya semina. Nje, bomba la moshi lilielekea kwenye kichanja cha jirani alichokuwa akianikia samaki. Nilikula samaki wale. Walikuwa na ladha ya barabara.

Na gari halikuzimwa. Hapa inabidi nieleze, kwa sababu mtu wa mbali atafikiri ni uzembe, kumbe ilikuwa heshima.

Dereva alikuwa yule mkwe, na kwetu mama mkwe na mkwe hawazungumzi ana kwa ana. Hawatazamani. Hawali mahali pamoja. Kungwi, ambaye kazi yake yote ilikuwa kuwafundisha wasichana mambo kama hayo, asingeweza kuyavunja mbele ya kijiji. Basi alitundika kanga katikati ya gari, kati ya kiti cha mbele na cha nyuma, yeye akakaa nyuma kama sultani, mkwe akakaa mbele kama mzimu. Akitaka kwenda kushoto, alimwambia aliyekaa naye: “Mwambie dereva ageuze kushoto.” Na aliyekaa naye alirudia, ingawa dereva alikuwa na masikio na kanga si ukuta. Kama hakuna aliyekaa naye, alimwita mpita njia.

Wakifika mahali, kungwi anashuka na kuingia ndani kwa watu. Dereva hajui atakaa kwa muda gani, wala hawezi kumuuliza. Kungwi hawezi kumwambia zima. Kuzima bila ruhusa ni kana kwamba mkwe ameamua kuwa mama amefika, au kwamba mafuta yanamuuma. Basi injini inanguruma. Kungwi anakunywa kahawa, anatazama kanzu ya bwana harusi, anasutana na mtu, anapatana naye, na nje dizeli inawaka kwa ajili ya adabu. Nimesoma maandiko mengi juu ya hewa ya ukaa itokanayo na magari ya watu binafsi: ukubwa wa injini, umri wa gari, upepo wa matairi, mguu mzito wa dereva. Sijaona ukurasa hata mmoja uliotaja ukwe.

Siku moja nilichoka. Tulikuwa tumekwenda kumjulia hali mgonjwa, kungwi alikuwa bado amekaa nyuma akingoja aitwe ndani, na nje watoto walikuwa wakicheza kwenye ule moshi, wakiukimbilia na kuutoka, mmoja akikohoa huku anacheka. Nikainama karibu na kanga nikasema, “Shemeji, mama anasema uzime.” Hakuwa amesema. Shemeji alizima papo hapo, kwa jinsi alivyoshukuru nilisikia pumzi yake. Nikashuka, nikaenda zangu kwa mgonjwa. Kungwi alibaki mle, vioo vimefungwa, udi unafuka, joto linapanda, bila mtu wa kumwambia dereva awashe, wala wa kumwambia afungue vioo, ambavyo vilitii kitufe cha mbele tu. Kushuka mwenyewe kabla ya kuitwa isingekuwa hadhi yake. Walipokwenda kumwita walimkuta amelowa kama mtu aliyeokolewa baharini. Hakunisemesha Ramadhani nzima. Siku ya Idi alinitumia sahani ya biriani yenye mifupa mitupu.

Uadui wetu wa magari ulianza rasmi siku hiyo, lakini moto wake ulikuwa mahali pengine. Ulikuwa kwenye kuwatoa wali.

Sijui nani alianza. Wengine husema ni mwenye duka mmoja wa Palma, mji wetu wa karibu, aliyeona haya binti yake abebwe na wanawake wenye jasho. Mwali wake akatolewa ndani ya gari, vioo vimefungwa, kiyoyozi kinavuma ili msiro usiyeyuke. Mguu haukugusa chini, desturi ikabaki salama. Baada ya hapo hakuna aliyetaka mabega. Na kwa kuwa kutoka nyumbani hadi uwanjani ni mwendo wa kumaliza kipande kimoja cha muwa, gari moja halikutosha kuonekana. Yakakodiwa mawili, matatu, msafara mzima, yale yale makubwa yaliyoletwa kuwabebea watu wa gesi. Yakazunguka mji, yakapiga honi, yakaenda ufukweni na kurudi, yakasimama yakinguruma wakati ngoma inapigwa, ili mwali mmoja asafirishwe kutoka kwao mpaka kwao. Kungwi wangu alilishika jambo hili kwa mikono miwili. Pikapu yake ikawa ya mbele, yenye maua.

Nilimwendea na hoja zangu. Nilimwambia moshi ule haupotei, unakaa juu kama blanketi, na joto linalomfanya apende kiyoyozi linaongezwa na kiyoyozi. Nilimwambia kuchagua gari ni kuchagua moshi wako wa miaka kumi kwa siku moja. Watu wa kwetu hununua gari la siku mbaya kuliko zote, ile siku ya masika ambapo barabara ya kutoka mji wa Mocímboa inageuka uji, kisha wanaliendesha mwaka mzima kwenye mchanga mkavu nyuma ya nyumba. Alisikiliza yote. Alikuwa msikilizaji mzuri, kazi yake ilimfundisha. Kisha akanyoosha kidole baharini. Usiku wa juzi yake walikuwa wamejaribu kisima cha gesi huko mbali, na mbingu ilikuwa nyekundu mpaka majogoo wakawika.

“Ule moto ni wa gari la nani?” akauliza.

Nikasema moto ule haufuti moshi wake.

“Sikusema unafuta. Nimeuliza ni wa nani. Ukishawaambia wale wazime, njoo uniambie mimi.”

Nilikuwa na jibu, na bado ninalo: mwizi mkubwa hamtakasi mwizi mdogo. Lakini sikulitoa, kwa sababu nje ya nyumba yake, kwenye kivuli, lilikuwa limesimama gari langu. Pikapu nyeupe, mpya, ya milango minne, injini kubwa kuliko yake, limeandikwa ubavuni maneno ya mabadiliko ya tabianchi. Nilipewa na mradi ninaoufanyia kazi ili niende vijijini kuwaeleza watu wapunguze kukata mikoko. Kutoka Pemba mpaka Palma nililiendesha peke yangu, mimi na kompyuta na chupa ya maji. La kwake halikuwahi kwenda na mtu mmoja. Lilipeleka wajawazito hospitali, lilibeba maiti, magunia ya mihogo, mbuzi, wapiga ngoma waliokaa ukingoni miguu nje. Ukigawa moshi kwa vichwa, nilishafanya hesabu hiyo kimya kimya zaidi ya mara moja, na kila mara niliifunga kompyuta kabla ya jibu.

Basi nilichukia gari lake, nikachukia langu, na pamoja na chuki zote mbili nikabaki ninaendesha. Hiyo ndiyo elimu yangu.

Kisha wakahamishiwa Quitunda, kijiji kipya kilichojengwa na kampuni. Kungwi, mdogo wangu na mumewe na watoto, kijiji kizima, katika nyumba za matofali ya saruji zilizopangwa kwa mistari. Majirani wa miaka arobaini walitenganishwa kwa namba za viwanja, na watu waliokuwa wakisikiana wakikohoa wakawa wanatembeleana kama wageni. Ndipo habari zikanifikia kwamba binti wa mdogo wangu ameshawekwa ndani na siku ya kutolewa imekaribia. Nikafunga safari, na gari langu, bila shaka.

Nilimkuta kungwi ndani ya pikapu, mbele ya nyumba yake mpya. Nyumba ile ilikuwa tanuri, akasema. Mtu aliyeijenga hajawahi kulala ndani ya kitu alichojenga. Kwa hiyo mchana aliishi ndani ya gari. Alipokelea wageni humo. Aliswalia nje, akarudi. Injini ilinguruma, shemeji alikuwa mbele ya kanga, na moshi ulikuwa ukiingia dirishani kwa jirani ambaye hakuwa amejuana naye kwa kiasi cha kugombana. Nilipanda. Baridi, udi, tambuu. Alinipa mkono kuamkiwa, nikampa shikamoo, akaitikia. Alikuwa amepungua. Shingo, pale alipozoea kutunusa sisi, kwake ilikuwa imebaki mishipa mitupu.

Nikamwambia nilichokuja kusema: huyu binti, mama, naomba abebwe mabegani.

“Na nani?”

“Na sisi.”

“Nyinyi akina nani?” Alinitazama mabega kama mtu anayetazama samaki wa jana. “Waliokubeba wewe, wawili wamekufa, mmoja yuko Mtwara, mmoja anapika kwenye kambi ya kampuni na haruhusiwi kutoka. Mabega ni majirani, dotora. Mimi hapa sina majirani, nina watu wa namba.”

Nikasema nitayatafuta. Akasema hata nikiyapata, yeye ndiye kungwi na ameshasema gari. Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo wasomi hufanya tunapoishiwa.

“Basi aulizwe yeye mwenyewe,” nikasema. “Ni msichana aliyesoma, ana akili yake. Mwili ni wake.”

Aliacha kutafuna.

“Mwali haulizwi.”

“Ndiyo makosa yetu hayo, mama. Hatuwaulizi.”

Nakiri nilitumia sauti ya semina. Alitema kwenye kopo, akapangusa mdomo kwa ncha ya kanga. Kisha akasema nimwambie dereva amsogeze mpaka kivulini. Nikamwambia shemeji. Tukasogea hatua chache, tukasimama, tukaendelea kunguruma.

Nilirudi Pemba nikaanza kutafuta mabega kwa simu. Jambo hili lilinifundisha kuliko shahada. Binamu mmoja alisema nyonga. Mwingine alisema yeye na watu wa mstari ule hawasalimiani tangu ugomvi wa bomba la maji. Shangazi yangu aliniuliza kama gari la kungwi limeharibika. Nilipomwambia hapana, akauliza kama kuna msiba. Hakuelewa kwa nini mtu abebwe na watu wakati gari lipo zima. Niliwabembeleza, niliwatisha, niliwakumbusha mama zao. Mwishowe walipatikana, wa kutosha, na mimi nikiwa mmoja wao. Mama mzazi habebi, kwa hiyo mdogo wangu alinihurumia tu. Mimi, mwenye mgongo uliozoea kiti cha ofisi, nilianza kufanya mazoezi uani kwa gunia la mchele. Mlinzi wangu aliona, akaniuliza kwa adabu kama mchele unahama.

Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu usichana. Nilijiambia hili si la moshi peke yake. Nilimwonea wivu binti yule kwa kitu ambacho nilikuwa nimempatia.

Simu ikalia, namba ya kungwi. Kwa kawaida alisalimu kwa kirefu, akauliza hali ya kila mtu mpaka paka. Safari hii hakusalimu.

“Ulisema aulizwe,” akasema. “Miaka yangu yote sijamuuliza mwali. Kwa ajili yako nimemuuliza. Huyu hapa.”

Nikasikia simu ikipita mkono kwa mkono. Kisha kimya, pumzi tu, maana mwali akiwa ndani hasemi na mtu, na binti alikuwa akingoja aruhusiwe. Kungwi akamwambia kwa mbali, sema.

“Mamkubwa, shikamoo.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Mimi nataka gari.”

Nilimweleza. Nilimwambia juu ya mabega, jinsi unavyowaona watu wote vichwani, hata waliokuzidi urefu, jinsi wanawake wale wanavyokupokezana bila kukuangusha, kwamba niliwapata, kwamba wamekubali. Alinisikiliza bila kunikatiza. Alikuwa amefundwa vizuri.

“Nashukuru, mamkubwa,” akasema. “Lakini wenzangu wote walipanda gari. Mimi nikibebwa watasema kwetu hatuna.” Nyuma yake nilisikia injini. “Na kungwi anasema lake siku hizi linatoa moshi mweusi, litanichafulia nguo. Anauliza kama utaleta lile lako jeupe.”

Nilikuwa nimesimama uani, mkono kiunoni kwa ajili ya mgongo, gunia la mchele miguuni. Nilingoja ghadhabu ije, nikaona iliyokuja ni kitu kingine, chenye harufu mbaya zaidi: nilikuwa nimefurahi kuchaguliwa.

Nikamwambia nitalileta.

Akanishukuru kwa maneno yote mazuri aliyofundishwa. Kisha akaniomba nifike mapema, na nikishafika nisilizime, ili yeye apande likiwa limeshapoa.